Paa la kibaraza kinachotazama magharibi: uchambuzi wa kisa cha nyumba moja ya jangwani

Nyumba inayochambuliwa hapa ni nyumba ya chini, isiyo na ghorofa, iliyojengwa jangwani karibu na latitudo ya nyuzi 33 kaskazini mwa ikweta. Kuta zake ni za tofali za zege zilizopigwa lipu, paa lake ni la bapa, na upande wake wa nyuma una sakafu ya zege yenye urefu wa mita 7 na upana wa mita 4, ambayo hapo mwanzo haikuwa na kifuniko chochote. Sakafu hiyo inatazama magharibi. Katikati ya ukuta upo mlango wa vioo wenye upana wa mita 3.6, na nyuma ya vioo hivyo ndipo kilipo chumba ambacho familia hukaa muda mwingi. Wakati wa kiangazi hewa ya hapo hufikia nyuzijoto 45 kivulini, na usiku wa majira ya baridi joto hushuka hadi karibu na kiwango cha maji kuganda.

Wenye nyumba walitaka mambo mawili: kupata mahali pa kukaa nje jioni, na kuzuia chumba cha ndani kisipate joto kali kila alasiri. Walikuwa wamekwisha kuchagua pergola ya mbao, yaani paa la wazi la papi zilizoachana, mfano wa zile zinazopendeza sana kwenye picha, na walichotaka kuelezwa ni aina ya mbao inayodumu jangwani. Swali hilo lina jibu, nami nitalifikia, lakini lilikuwa limetangulizwa kabla ya wakati wake. Kabla ya kuuliza paa litengenezwe kwa nini, ilibidi kujua jua linaingia kutoka wapi na saa ngapi, na upepo utalishika paa hilo kwa nguvu kiasi gani. Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yaliyoamua karibu kila kitu kingine katika kazi hii.

Jua linapopita chini ya paa

Watu wengi huwazia jua la jangwani kama jua la utosini, na kwa latitudo hii hawakosei kuhusu saa sita ya mchana: katikati ya Juni jua hupanda hadi nyuzi 80 hivi kutoka upeo wa macho. Paa lolote lisilopitisha mwanga humaliza kazi hiyo bila shida. Tatizo la kibaraza kinachotazama magharibi huanza baadaye. Tuchukue paa lenye kina cha mita 4 kutoka ukutani, ambalo ukingo wake wa mbele uko mita 2.7 juu ya sakafu. Jua likishuka chini ya nyuzi 34, miale yake hupita chini ya ukingo huo na kugonga ukuta moja kwa moja, kwanza kwenye kizingiti cha mlango, kisha juu zaidi na zaidi. Katika kiangazi cha latitudo hii jua hushuka kwa nyuzi 12 hivi kila saa, kwa hiyo karibu saa tatu za mwisho kabla ya machweo paa lenyewe, hata lingekuwa zuri namna gani, haliuzuii mwanga usifike kwenye vioo. Ni saa hizo hizo ambazo hewa huwa imefikia joto lake la juu kabisa au inakaribia kulifikia. Mita moja ya mraba ya kioo kilichosimama wima na kutazama jua la wakati huo, katika anga kavu isiyo na mawingu, hupokea mamia ya wati. Mlango wa vioo wa nyumba hii, wenye eneo la mita za mraba 7.5 hivi, ulikuwa ukipokea kilowati kadhaa alasiri nzima, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo iliingia chumbani.

Pergola iliyochaguliwa ilikuwa na udhaifu zaidi ya huo. Papi zake zilikuwa na kimo cha sentimita 14 na mwachano wa sentimita 14, zikilala kutoka kaskazini kwenda kusini sambamba na ukuta. Adhuhuri jua huwa limekaa sawasawa na mstari wa papi hizo, hivyo mwanga wote unaoangukia mianya hupita mpaka sakafuni. Kivuli huanza kukamilika pale tu jua linaposhuka chini ya nyuzi 45 upande wa magharibi. Lakini tumekwisha kuona kwamba likifika nyuzi 34 linapita chini ya paa. Kati ya nyuzi 45 na nyuzi 34 kuna muda usiozidi saa moja. Hiyo ndiyo saa ambayo pergola ile ingetoa kivuli kamili kwa siku nzima ya Juni. Sisemi kwamba pergola ni kitu kibaya. Kwenye kibaraza kinachotazama mashariki, ambako watu hukaa jioni nyuma ya kivuli cha nyumba yenyewe, inatosha na inapendeza. Hapa isingetosha.

Uchunguzi wa jua ulileta pia jambo ambalo wenye nyumba hawakulitarajia, na ambalo liliokoa sehemu ya mandhari waliyohofia kuipoteza. Jua la kiangazi halizami magharibi hasa. Katika latitudo hii, mwishoni mwa Juni, huzama nyuzi 28 hivi kaskazini mwa magharibi, na mwishoni mwa Desemba huzama nyuzi kama hizo kusini mwa magharibi. Mwale unaoanza kupita chini ya paa alasiri ya Juni hutoka nyuzi 8 kaskazini mwa magharibi, kisha huzidi kuhamia kaskazini kadiri jioni inavyosogea. Kwa hiyo kinachohitajika si pazia la upande mzima wa magharibi. Kwa kuwa mlango uko katikati, ukipima mistari ya miale kutoka kwenye kingo za vioo mpaka ukingo wa mbele wa kibaraza utaona kwamba vioo hulindwa vyote na kiambaza kinachoanzia kona ya kaskazini-magharibi na kwenda kusini kwa mita 4.7, pamoja na kipande kifupi kinachokunja kona upande wa kaskazini. Mita 2.3 za upande wa kusini zinaweza kubaki wazi mwaka mzima. Katika majira ya baridi jua la alasiri huja kutoka kusini-magharibi, hupenya nafasi hiyo hiyo, na wakati huo linakaribishwa.

Anayeishi jangwani kusini mwa ikweta atageuza haya yote: kwake jua la kiangazi huzama kusini mwa magharibi, na kona ya kuzibwa ni ile ya kusini. Ninalitaja kwa sababu michoro ya vibaraza husafiri sana siku hizi, na mchoro haubebi latitudo yake usoni.

Joto linaloshuka kutoka kwenye dari

Baada ya kukubaliana kwamba paa liwe la kuziba kabisa na liwe na kiambaza cha upande, ndipo swali la vifaa lilipopata nafasi yake. Mbao, kwanza. Hewa kavu ya jangwani huukausha ubao hadi unyevu wake unapobaki asilimia chache tu, na ubao uliofika ukiwa na unyevu mwingi zaidi husinyaa, hupasuka kwenye ncha na kujipinda. Bolti zilizokazwa siku ya ujenzi huwa zimelegea baada ya kiangazi cha kwanza, kwa sababu ubao uliokuwa umebanwa umepungua unene. Mwanga wa jua huichakaza rangi na vanishi upande wa juu kabla ya upande wa chini, na mchwa nao wapo jangwani, ingawa wengi hudhani ukame umewafukuza. Mbao nene, zilizokaushwa vizuri na kupakwa upya mara kwa mara, hudumu miaka mingi. Familia hii husafiri kwa miezi kadhaa kila mwaka na ilisema wazi kwamba haitapanda ngazi na brashi kila baada ya misimu miwili. Kwao mbao ziliishia hapo.

Bati moja la chuma au alumini ndilo rahisi zaidi kujenga, na ndilo linalowaudhi watu zaidi baadaye. Bati lililopakwa rangi, likipigwa na jua la kiangazi, linaweza kufikia nyuzijoto 70, na kwa kuwa ni jembamba upande wake wa chini huwa na joto lile lile. Uso wa namna hiyo humwagia walio chini yake mionzi ya joto ipatayo wati 700 kwa kila mita ya mraba. Uso wa chini ukibaki karibu na joto la hewa, tuseme nyuzijoto 45, kiasi hicho hushuka hadi wati 520 hivi. Tofauti ya wati 180 kwa mita ya mraba husikika kichwani na mabegani mara tu mtu anapoketi, hata kama kipimajoto kilichotundikwa kwenye nguzo kinaonyesha hewa ile ile. Hii ndiyo sababu watu husema kivuli cha bati ni cha moto. Hawasemi vibaya.

Polikaboneti angavu, plastiki ngumu ya kuezekea, ilikataliwa mapema, kwa sababu huruhusu mwanga mwingi na hutanuka mno kwa joto, karibu mara tatu ya alumini. Luva za juu, yaani papi bapa zilizopangwa sambamba, zinazofungwa na kufunguliwa kwa mota zilipendwa sana na mmoja wa wenye nyumba, na ni kweli kwamba hutatua tatizo la adhuhuri na kuacha anga wazi usiku. Lakini vumbi laini la jangwani huingia kwenye egemeo na giya, na kitu kinachosogea juu ya kichwa mahali penye dhoruba za mchanga kinahitaji fundi wa karibu anayekijua. Neti ya kivuli, ile ya polithini nzito iliyofumwa, ilistahili kufikiriwa kwa makini zaidi kuliko ilivyopewa nafasi. Inapitisha hewa, kwa hiyo joto halijikusanyi chini yake, na ni nyepesi. Kama wenye nyumba wangekuwa watu wa kukaa nyumbani na kuishusha dhoruba inapokaribia, mimi ningeipendekeza bila kusita. Ikiachwa bila mtu, upepo huigeuza kuwa tanga, na nguzo zake hulazimika kuwa nzito kuliko za paa.

Kilichochaguliwa ni paneli za alumini zenye povu la polisitirini katikati, unene wa milimita 75, zenye rangi nyeupe juu. Povu la unene huo huzuia joto kiasi kwamba hata uso wa juu ukifika nyuzijoto 75, uso wa chini hukaa karibu sana na joto la hewa. Paneli hizo zina masharti mawili ambayo hayana budi kusemwa kabla ya kuuzwa. Polisitirini huungua, hivyo jiko la mkaa au la gesi haliwekwi chini yake. Kwa nyumba hii jiko lilipangiwa mahali nje ya ukingo wa kusini. Na rangi nyeupe hufanya kazi yake ikiwa nyeupe: vumbi likijaa juu, uwezo wa kurudisha mwanga hupungua, kwa hiyo paa huoshwa kwa maji walau kabla ya kiangazi kuanza. Waya wa feni na taa ulipitishwa ndani ya mfereji uliotengenezwa kwenye paneli mojawapo kiwandani, jambo ambalo lisingewezekana kufanywa baadaye bila kutoboa povu.

Upepo, na swali la kushikilia ukutani au kusimama peke yake

Fundi wa kwanza aliyekuja kukagua eneo alipendekeza njia iliyozoeleka: boriti ya nyuma ifungwe ukutani kwa bolti, nguzo tatu za mbele zisimamishwe juu ya sakafu ya zege iliyopo kwa viatu vya chuma na bolti fupi. Kwa paa zito la vigae mahali pasipo na upepo mkali, njia hiyo ingeweza kupita. Kwa paa jepesi la jangwani ndiyo njia ya kulipoteza paa.

Dhoruba za radi za kiangazi jangwani huteremsha hewa baridi kwa ghafla, nayo hewa hiyo ikigonga ardhi husambaa kila upande ikibeba vumbi, na kasi yake inaweza kuzidi kilomita 100 kwa saa. Upepo wa mita 30 kwa sekunde, ambao ni kilomita 108 kwa saa, una shinikizo la takriban paskali 550, sawa na uzito wa kilo 56 hivi juu ya kila mita ya mraba. Paa la kibaraza liko wazi pande tatu, na upepo hulisukuma kutoka chini huku ukilivuta kutoka juu. Tukikadiria kwamba nguvu ya kulinyanyua inalingana na shinikizo hilo, paa la mita za mraba 28.1 hunyanyuliwa kwa nguvu ya tani 1.6 hivi. Uzito wa paneli na boriti zake ni kilo 300 tu. Tani 1.3 zilizobaki lazima zishikwe na kitu fulani ardhini, na sakafu ya zege yenye unene wa sentimita 10, isiyo na nondo na yenye nyufa mbili tayari, si kitu hicho.

Ukuta nao ulipimwa. Tulipotoboa tundu dogo kwa keekee kwenye lipu, keekee ilipita unene wa ganda la tofali kisha ikatumbukia mahali patupu. Ilipotobolewa sehemu ya pili na ya tatu, hali ilikuwa ile ile. Tofali za zege zenye matundu, zisizojazwa zege ndani, hubeba uzito unaoshuka vizuri sana, lakini bolti inayovutwa nje hutegemea ganda la sentimita tatu tu. Yapo maarifa ya kukabili hali hiyo, kama vile kujaza matundu zege au kupitisha bolti hadi upande wa pili na kuweka bamba la chuma chumbani. Yote mawili yalimaanisha kufungua lipu ya ukuta mzima au kuharibu sebule.

Uamuzi ukawa kulisimamisha paa peke yake, juu ya nguzo sita, bila kugusa nyumba. Safu ya nyuma ya nguzo iliwekwa sentimita 60 kutoka ukutani ili mashimo yake yasidhoofishe msingi wa nyumba, na paneli zikaachwa zitokeze nyuma ya boriti hadi sentimita 8 kutoka kwenye lipu. Safu ya mbele ikawekwa mita 3.5 kutoka ukutani, na paneli zikatokeza sentimita 60 mbele yake pia. Mpango huo ulifupisha nafasi inayobebwa na paneli kati ya boriti na boriti hadi mita 2.9. Ulileta pia faida ambayo naiona kubwa kuliko ile ya kuepuka ukuta: upenyo wa nyuma. Paa hushuka kutoka ukutani kwenda nje, kutoka mita 2.7 hadi 2.55, kwa hiyo sehemu yake ya juu zaidi iko pale pale juu ya vioo. Lingefungwa ukutani, hewa ya moto inayopanda kutoka sakafuni ingekusanyika hapo. Upenyo wa sentimita 8 huitoa. Ili maji ya mvua yasidondokee kwenye kizingiti, kipande cha bati kilichokunjwa kilifungwa kwenye lipu kwa skrubu ndogo, kikiwa juu ya paneli kwa sentimita 5 bila kuigusa. Maji huangukia kwenye paneli na hewa hupita chini yake.

Wapo watakaopinga kwamba nguzo za nyuma huchukua nafasi na kuharibu umbo. Ni kweli zinaonekana. Zilipangwa pembeni na nje ya upana wa vioo kadiri ilivyowezekana. Ile ya katikati ilibaki mbele ya mlango, nayo ikasogezwa kidogo ili isimame mbele ya fremu inayogawa vioo viwili. Bei ya uamuzi huo ni nguzo moja inayokwepwa na anayetoka na sinia mikononi.

Kazi yenyewe

Michoro ilipitishwa na mhandisi kwa ajili ya kibali cha ujenzi, jambo lisilohitaji maelezo mengi isipokuwa kwamba umbali kutoka mpaka wa kiwanja ulipimwa kutoka kwenye ukingo wa paa, si kutoka kwenye nguzo, na hilo lilipunguza kina kilichotarajiwa awali.

Mashimo yalikatwa kupitia sakafu ya zege. Kila shimo lilipangwa liwe na upana wa sentimita 60 kila upande na kina cha sentimita 80, ili zege lake liwe na uzito wa kilo 690 hivi. Nguzo ya katikati ya kila safu hubeba mvuto mkubwa kuliko za pembeni, karibu nusu ya mvuto wa safu yake au zaidi kidogo, kwa hiyo uzito huo uliacha akiba nzuri hata kwake. Mashimo mawili ya safu ya mbele yalikutana na tabaka gumu la chokaa, ambalo ni la kawaida katika udongo wa jangwani, kwenye kina cha nusu mita. Mafundi walitaka kuishia hapo wakisema kwamba tabaka hilo halizami. Hoja yao ilikuwa sahihi kwa uzito unaoshuka na haikuwa sahihi kwa paa linalonyanyuka, kwa sababu kinachozuia kunyanyuka ni uzito wa zege lenyewe. Badala ya kulivunja tabaka hilo kwa nyundo ya umeme siku nzima, mashimo hayo yalipanuliwa hadi sentimita 75 kila upande, na ujazo ukabaki karibu ule ule.

Zege lilimwagwa alfajiri. Katika joto la mchana maji hutoka kwenye zege kabla saruji haijamaliza kuyatumia, na uso hupasuka ukiwa bado mbichi. Mafundi walifunika kila msingi kwa magunia yaliyoloweshwa na kuyamwagilia kwa wiki nzima. Nguzo ni za chuma kilichopakwa zinki, si za alumini, kwa sababu mbili: chuma ni kigumu zaidi kuhimili kusukumwa upande, na alumini ikizikwa ndani ya zege bichi huliwa na ukali wa saruji. Pale boriti za alumini zinapokaa juu ya nguzo za chuma uliwekwa mpira bapa wa kuzitenganisha, maana metali hizo mbili zikigusana na kupata maji yenye chumvi, alumini huanza kulika. Jangwani mambo hayo huenda polepole, lakini maji ya kuoshea vumbi yana chumvi.

Kutanuka ndiko kulikohitaji nidhamu kubwa kuliko yote. Boriti ya alumini yenye urefu wa mita 7, ikitoka kwenye usiku wa baridi karibu na nyuzijoto 0 hadi kwenye alasiri ya nyuzijoto 60, hurefuka kwa karibu milimita 10. Boriti kila moja ilikazwa kabisa kwenye nguzo ya katikati tu; kwenye nguzo za pembeni matundu yake yalichongwa marefu ili isogee milimita 5 kila upande. Fundi mwenye mkono mzito hulikaza kila tundu kwa nguvu moja, na tundu refu lililokazwa kupita kiasi halina tofauti na tundu la duara.

Kiambaza cha magharibi kilitengenezwa kwa luva za alumini zilizolala, zenye upana wa sentimita 10, zikiachana sentimita 7 na kuinamia nje kwa nyuzi 45. Kwa vipimo hivyo kila mwale unaotoka juu ya upeo wa macho hugonga luva, huku upepo ukipita na aliyeketi ndani akiweza kuona chini, hadi kwenye ardhi ya bustani. Mapazia ya kuviringisha yangekuwa mepesi na ya bei ndogo, lakini lazima mtu awepo wa kuyakunja upepo ukianza. Sentimita 30 za chini ziliachwa wazi ili mchanga usirundikane.

Maji ya paa yalipewa umuhimu ambao mwenye nyumba mwanzoni aliuona wa kuchekesha, kwa kuwa mvua ni adimu. Mvua moja ya milimita 25 juu ya paa hili ni zaidi ya lita 700, na huja kwa muda mfupi. Udongo mwingi wa jangwani ulioletwa na mafuriko ya zamani umekaa kwa ulegevu na kushikamana ukiwa mkavu, na ukilowa kwa mara ya kwanza huweza kutitia. Maji hayo yakimwagwa kwenye mguu wa nguzo, msingi uliochimbwa kwa uangalifu wote huo unaweza kushuka. Mfereji wa mbele uliunganishwa na bomba linalopeleka maji mita 3 kutoka kwenye nguzo ya karibu, kwenye beseni la udongo lenye mti.

Baada ya kiangazi cha kwanza

Vioo havikupigwa tena na jua la alasiri, na chumba cha ndani kilianza kukalika saa kumi na moja jioni, bila mapazia mazito. Uso wa chini wa paneli uliweza kushikwa kwa kiganja saa tisa mchana. Nje, hata hivyo, nyuzijoto 45 ni nyuzijoto 45: feni husaidia jasho kukauka lakini haipoozi hewa, na familia hutumia kibaraza kuanzia machweo katika miezi mikali, mchana kutwa katika miezi mingine. Kivuli kilizuia pia sakafu ya zege isijazwe joto mchana, na hapo ndipo jioni ilipobadilika zaidi, kwa kuwa zamani sakafu iliendelea kutoa joto kwa saa nyingi baada ya giza kuingia.

Kasoro mbili zilijitokeza. Boriti ya mbele ilikuwa ikitoa mlio mkali wa kukatika kila jioni, muda mfupi baada ya jua kuzama. Nguzo ya kaskazini ilipokaguliwa, bolti ya tundu refu ilikutwa imekazwa mpaka washa imeng'ata alumini. Ililegezwa, ikawekewa washa ya plastiki ngumu na nati ya kujifunga, na mlio ukaisha. Ya pili ilikuwa mfereji: dhoruba za vumbi za mwanzo wa msimu zilijaza mdomo wa bomba kwa mchanga na majani, na mvua ya kwanza ikafurika mbele badala ya kwenda kwenye beseni. Kichujio kilichokuwapo kilikuwa na matundu madogo mno, ambayo mchanga wenye unyevu huyaziba haraka kuliko kutokuwa na kichujio kabisa. Kimebadilishwa kwa chenye matundu mapana, na sehemu ya mwisho ya mfereji ikatengenezwa ifunguke bila vifaa, ili mchanga uzolewe kwa mkono kabla ya msimu wa mvua.

Linalosubiri uamuzi ni zile mita 2.3 za kusini. Mwishoni mwa Septemba na mwishoni mwa Machi jua huzama karibu na magharibi kamili wakati hewa bado ina joto, na kwa wiki chache mwanga hupenya hapo na kuufikia ukingo wa kusini wa vioo. Mmoja wa wenye nyumba anataka luva ziongezwe. Mwingine anasema hiyo ndiyo sehemu pekee ya kuonea machweo. Boriti ilitobolewa matundu ya kufungia luva hizo tangu mwanzo, yakazibwa kwa vifuniko vya plastiki, hivyo kazi hiyo inaweza kufanywa siku yoyote bila kugusa muundo.